Misingi ya Kupiga Picha Usiku na Penye Mwanga Hafifu: Mfano wa Kipushi, Katanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya upigaji picha wakati wa usiku na mahali penye mwanga hafifu. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa lugha za Ulaya. Mifano yake huwa ni ya miji yenye taa za barabarani usiku kucha, ya machweo marefu ya majira ya kiangazi, na ya nyuso za watu weupe. Mwanafunzi wa Afrika akiichukua mifano hiyo kama ilivyo, hukuta kwamba hesabu zake hazilingani na mazingira anamoishi. Kwa sababu hiyo makala yameuchagua mji mmoja wa Afrika kuwa kielelezo, nao ni Kipushi, ulio kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi ya Lubumbashi, kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia.

Maelezo yanayofuata yanahusu kamera ya filamu, kamera ya dijitali, na pia simu ya mkononi inayomruhusu mtumiaji kuweka vipimo mwenyewe. Vyombo hivi vinatofautiana kwa umbo na bei, lakini sheria za mwanga zinazovitawala ni zilezile. Mwishoni yatatolewa maoni machache kuhusu msamiati wa Kiswahili unaohusika na fani hii.

2.0 Kwa nini Kipushi?

Mgodi wa Kipushi ulianza kuchimbwa mwaka 1924 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na wakati wa ukoloni uliitwa mgodi wa Prince Léopold. Baada ya uhuru ulikuja kuwa mali ya shirika la Gécamines. Shaba, zinki na madini mengine yalitolewa humo hadi mwaka 1993, kazi iliposimamishwa. Mwaka 2011 pampu ziliharibika, maji yakapanda na kuzifunika sehemu za chini za mgodi, na ilichukua miaka kuyatoa. Uzalishaji ulirejea mwaka 2024 chini ya KICO, kampuni ya ubia kati ya Ivanhoe Mines na Gécamines. Kwa muda wa miaka 31, basi, mji huu uliishi kando ya mgodi uliolala.

Historia hiyo inahusiana na picha kwa namna mbili. Kwanza, mji wa mgodi una giza la aina mbili: lile la usiku juu ya ardhi, ambalo huzidi umeme unapokatika, na lile la kudumu chini ya ardhi. Pili, picha za zamani za migodi ya Katanga zilizohifadhiwa katika nyaraka za makampuni zilipigwa kwa haja za makampuni hayo: kuonyesha mitambo, majengo na safu za wafanyakazi. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizitumia picha za aina hiyo katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006. Aliwachukua wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni kutoka picha za zamani, akawapandikiza juu ya picha zake mwenyewe za majengo ya viwanda yaliyochakaa. Mtazamaji hulazimika kuuliza ni nini kilichohifadhiwa katika nyaraka, na ni nini kilichoachwa nje.

Miongoni mwa vilivyoachwa ni maisha ya usiku: wafanyakazi wanaorudi kutoka zamu, jamaa waliokaa matanga, waumini katika mkesha, mwanafunzi anayesoma kwa mshumaa, na muuzaji wa jioni mwenye taa moja juu ya meza yake. Mambo haya ni nusu ya maisha ya mji. Yasipopigwa picha na watu wanaoyafahamu, kumbukumbu ya Kipushi itabaki kuwa ya mchana tu. Hiyo ndiyo sababu ufundi huu, unaoonekana kuwa mdogo, unastahili kufundishwa.

3.0 Nguzo tatu za mfichuo

Picha hutokea pale filamu, au kihisio cha kamera ya dijitali, inapopokea kiasi cha mwanga kinachofaa. Kupokea huko ndiko kunakoitwa hapa mfichuo. Mchana mwanga ni mwingi, na kazi ya kamera ni kuupunguza. Usiku kazi hugeuka: kila chembe ya mwanga hutafutwa na kukusanywa. Njia za kuukusanya ni tatu.

3.1 Tundu la lenzi

Tundu la lenzi ndilo mlango wa mwanga. Ukubwa wake huandikwa kwa namba 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Wanaoanza hutatizwa na jambo moja: namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Sababu ni kwamba namba hizi ni vigawanyo. Lenzi yenye umbali wa fokasi wa milimita 50 ikiwekwa kwenye 2, tundu lake huwa na kipenyo cha milimita 25. Ikiwekwa kwenye 8, kipenyo hupungua kufikia kama milimita 6. Kila hatua moja kutoka namba ndogo kwenda kubwa hupunguza mwanga kwa nusu.

Tundu kubwa lina gharama yake. Eneo linaloonekana kwa ukali mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa huwa jembamba. Uso wa mtu ukiwa karibu, jicho moja laweza kuwa wazi na sikio likafifia.

3.2 Muda

Pazia la kamera, ambalo mafundi wengi huliita shata, hufunguka kwa muda uliopangwa: 1/125 ya sekunde, 1/60, 1/30, na kuendelea hadi sekunde 30 au zaidi. Kuongeza muda mara mbili ni kuongeza mwanga mara mbili. Tatizo ni kwamba mkono wa binadamu hautulii. Kanuni ya zamani inasema kwamba mtu anayeishika kamera mkononi asitumie muda mrefu kuliko 1 iliyogawanywa kwa umbali wa fokasi wa lenzi, yaani kiasi cha 1/50 kwa lenzi ya milimita 50. Muda ukizidi hapo, kamera huhitaji stendi ya miguu mitatu. Asiye na stendi huiegemeza kamera juu ya ukuta, mfuko wa mchanga au kiti, kisha hutumia kifaa cha kuhesabu sekunde kilichomo ndani ya kamera ili kidole chake kisiitikise wakati wa kubonyeza.

3.3 Uhisivu

Uhisivu ni wepesi wa filamu au kihisio kuitikia mwanga, nao hupimwa kwa namba za ISO: 100, 200, 400, 800, 1600 na zaidi. Namba ikiongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu. Gharama yake ni chembechembe zinazotapakaa katika picha na rangi zinazopoteza uhai. Hata hivyo chembechembe hizo si kosa kubwa. Picha yenye chembechembe lakini iliyotulia husomeka, ilhali picha laini iliyotikisika haiwezi kurekebishwa.

3.4 Mfano wa hesabu

Tuseme muuzaji amekaa jioni kando ya taa moja ndogo. Vipimo vya kuanzia vyaweza kuwa tundu 2.8, muda 1/30 na uhisivu 1600. Mpiga picha mwingine anataka meza yote ionekane kwa ukali na picha iwe laini, hivyo anachagua tundu 5.6 na uhisivu 100. Tundu limepunguza mwanga kwa hatua 2, na uhisivu kwa hatua 4. Jumla ni hatua 6. Muda lazima uongezwe kwa hatua 6, yaani uzidishwe mara 64, na 1/30 inakuwa kama sekunde 2. Kiasi cha mwanga katika picha zote mbili ni kilekile, lakini picha zenyewe si moja. Katika ile ya kwanza muuzaji anaweza kucheka na kicheko kikaonekana. Katika ile ya pili meza, mizani na taa vitakuwa wazi, na mtu yeyote aliyejongea atakuwa kivuli. Uchaguzi kati ya hizo mbili hutegemea kinachotakiwa kukumbukwa, wala hauamuliwi na hesabu.

4.0 Machweo, mbalamwezi na nyota

Kipushi iko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta. Jua huchwea karibu na saa 12 jioni mwezi Juni, na kiasi cha nusu saa baadaye mwezi Desemba. Katika nchi za tropiki jua hushuka wima, na utusitusi unaofaa kwa picha, wakati mbingu bado ina rangi ya buluu na taa zimekwisha kuwashwa, hudumu dakika 20 na kitu tu. Kaskazini mwa Ulaya wakati huo ni mrefu zaidi, hasa katika majira ya kiangazi. Mpiga picha wa Kipushi hana budi kufika mapema, kusimamisha kamera yake na kulenga kabla jua halijazama. Katika dakika hizo mwanga hupungua haraka, na vipimo vilivyofaa mwanzoni huwa vimepitwa baada ya muda mfupi.

Mbalamwezi ya mwezi mpevu hutosha kupiga picha ya mandhari, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ya jua mara laki kadhaa. Mnara wa mgodi unaoangazwa na mwezi mpevu waweza kupigwa kwa tundu 4, uhisivu 400 na sekunde 30. Mwezi wenyewe ni jambo tofauti. Huo ni jiwe linalopigwa na jua kali, na hupigwa kwa vipimo vinavyokaribia vya mchana: tundu 11, uhisivu 100 na muda 1/125. Kutokana na tofauti hiyo, mwezi na ardhi ya usiku haviwezi kukaa vizuri katika mfichuo mmoja. Ufumbuzi wa zamani ni kupiga picha jioni iliyotangulia mwezi mpevu, kwa sababu siku hiyo mwezi huchomoza kabla jua halijachwea na ardhi bado ina nuru.

Kwa nyota hutumika kanuni ya 500: namba hiyo ikigawanywa kwa umbali wa fokasi hutoa sekunde ambazo nyota zitabaki nukta kabla mzunguko wa dunia haujazigeuza kuwa michirizi. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35 hutoa kama sekunde 20.

Majira nayo yana nafasi yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba Katanga huwa kavu. Mbingu za usiku hazina mawingu, lakini vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hufifisha upeo wa macho. Wakati wa mvua barabara iliyolowa huakisi kila taa, na mwanga mdogo uliopo huonekana maradufu.

Anayetumia filamu azingatie jambo moja zaidi. Muda unapopita sekunde moja hivi, filamu nyingi hupoteza sehemu ya uhisivu wake. Kipima mwanga kikisema sekunde 10, huenda zikahitajika 20 au zaidi, kutegemea aina ya filamu. Katika miaka ya 1930 Brassaï, aliyepata sifa kwa picha zake za usiku za mji wa Paris, alipima muda kwa kuvuta sigara, aina moja kwa mwanga wa kawaida na nyingine, nene zaidi, kwa giza kubwa. Jambo la kujifunza kwake ni kwamba mazoea ya mahali pamoja humpa mtu kipimo anachoweza kukitegemea.

5.0 Taa, fleshi na uso wa mtu

Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kitu kinachotazamwa ni cha kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye usiku, hujaribu kuugeuza usiku kuwa mchana: giza huwa kijivu, na taa huwa madoa meupe yasiyo na umbo. Kwa mandhari yenye giza kubwa inafaa kupunguza mfichuo kwa hatua 1 au 2 kutoka kipimo hicho. Kwa uso wa mtu, kinyume chake, ni uso wenyewe unaopaswa kupimwa, kwa kuukaribia.

Hapa pana historia isiyopaswa kusahauliwa. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Watu weusi waliopigwa picha penye mwanga hafifu mara nyingi walibaki na macho na meno tu. Kampuni ya Kodak ilipokuja kutoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali, ilikuwa tayari miaka ya 1990. Funzo lake kwa mwanafunzi ni kwamba uso mweusi uliopotea katika picha haukupotezwa na ngozi. Ulipotezwa na kipimo. Taa ikiwekwa ubavuni, ngozi nyeusi huakisi mng'ao unaochora paji, shavu na kidevu kwa uzuri ambao taa ya mbele haiwezi kuutoa.

Fleshi hufuata sheria nyingine: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wake hubaki robo. Ndiyo maana mtu wa mbele hufanywa mweupe na wa nyuma humezwa na giza. Jean Depara (1928–1997), aliyepiga picha za baa na dansi za Kinshasa kuanzia miaka ya 1950, aliitumia fleshi kwa ustadi mkubwa. Vijana na wanamuziki katika picha zake wanasimama wazi mbele ya usiku wa mji. Mwanafunzi anaweza kuyachanganya mambo mawili, yaani fleshi ndogo kwa uso na muda mrefu wa pazia kwa taa za nyuma, ili mtu na mahali pake vyote vionekane.

Taa pia zina rangi. Balbu ya kizamani na mshumaa hutoa rangi ya manjano-nyekundu. Taa za sodiamu hutoa rangi ya chungwa inayofuta karibu rangi nyingine zote. Taa nyingi za LED huelekea ubuluu. Kamera ya dijitali huweza kusawazisha rangi hizo, lakini si lazima kila picha isafishwe. Umanjano wa mshumaa ni sehemu ya habari kwamba usiku huo umeme haukuwapo.

6.0 Chini ya ardhi

Upigaji picha chini ya ardhi una umri mrefu. Nadar alipiga picha katika mahandaki ya mifupa ya Paris mapema miaka ya 1860 kwa taa za umeme wa betri. Mfichuo ulifikia dakika 18, na mahali pa wafanyakazi aliweka sanamu, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kutulia muda huo. Mnamo mwaka 1893 J. C. Burrow alitoa kitabu cha picha za migodi ya Cornwall, Uingereza, zilizopigwa kwa mwanga wa chokaa na wa magnesiamu.

Shida walizokutana nazo zingalipo. Mgodi wenye kina kirefu una joto na unyevu; lenzi iliyotoka penye baridi hufunikwa na ukungu, na hapana budi kungoja hadi ipate joto la mahali. Vumbi na matone ya maji yaliyo mbele ya fleshi hurudisha mwanga na kuijaza picha madoa meupe, kwa hiyo fleshi huondolewa karibu na lenzi na kuwekwa kando. Nafasi kubwa huweza kupakwa mwanga: kamera hukaa juu ya stendi, pazia huachwa wazi, na mtu hutembea akimulika kuta kwa tochi. Wachimbaji wenyewe huvaa taa za kofia, na taa ya mmoja ikielekea uso wa mwenzake huwa chanzo bora cha mwanga, chenye ukweli ambao fleshi haina.

Haya hayawezi kufanywa bila idhini. Mgodi una sheria za usalama kuhusu watu na vifaa vinavyoingia. Juu ya ardhi nako, Kipushi ni mji wa mpakani, na kamera iliyoelekezwa kwenye kituo cha forodha, askari au uzio wa mgodi yaweza kumtia mwenyewe matatani, hasa usiku, wakati stendi na tochi huzua shaka. Adabu ni ya lazima kwa watu wa kawaida pia. Anayeketi matangani au anayesali gizani hakujitayarisha kuonekana. Fleshi ya ghafla humnyang'anya sitara yake. Huombwa kwanza, na akikataa huachwa.

7.0 Maoni kuhusu msamiati

Mjini Lubumbashi maneno mengi ya ufundi huingia kupitia Kifaransa, na foto husikika sana. Hata hivyo wasanii wa mji huo, wakiwamo Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walipoanzisha chama chao mwaka 2008 walikiita Picha, na kutokana na kazi ya chama hicho ikazaliwa Biennale ya Lubumbashi. Neno la Kiswahili limekuwa, kwa njia hiyo, jina linalotambulika katika sanaa ya kimataifa.

Upande wa mwanga wenyewe Kiswahili si maskini. Machweo, utusitusi, mbalamwezi na giza totoro ni ngazi nne za mwanga ambazo mpiga picha angezieleza kwa tarakimu. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kuanza na maneno hayo, ambayo mwanafunzi huyafahamu tangu utoto, kisha akaambatanisha kila moja na vipimo vyake. Kitenzi piga chenyewe chastahili kuzingatiwa. Hudokeza tendo la mara moja, na hivyo ndivyo ilivyo mchana. Usiku picha hukusanywa polepole, na neno hilo lazima lifundishwe pamoja na subira.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba mfichuo hutegemea tundu, muda na uhisivu, na kwamba kila kimoja hulipiwa gharama yake. Imeonyeshwa pia kwamba vipimo vya vitabuni havina budi kulinganishwa na machweo mafupi, ngozi za watu na taa za mahali husika. Zoezi la kuanzia ni jepesi: kuchagua sehemu moja ya mtaa, kuipiga picha kila jioni kwa muda wa mwezi mmoja, na kuandika daftarini vipimo vyote vitatu pamoja na hali ya mbingu na ya umeme. Mwezi ukiisha mwanafunzi atakuwa na jedwali lake mwenyewe la mwanga wa Kipushi. Mji nao utakuwa na picha za jioni 30 zenye tarehe, ambazo hakuna nyaraka za kampuni zitakazoweza kuzitoa.